Bendera Nyekundu: Maana Yake na Matumizi Yake katika Vyama Vyetu

(Mazungumzo yaliyotolewa na mkaguzi wa ndani wa Chama Kikuu mbele ya wajumbe wa bodi, makatibu na wahazini wa vyama vya msingi)



 Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya maneno mawili ambayo siku hizi hayakosi katika taarifa za ukaguzi, nayo ni "bendera nyekundu". Sababu ya kuombwa ni kwamba katibu mmoja, baada ya kusomewa taarifa ya hesabu za chama chake, alisimama akaniuliza: "Mzee, umeandika kwamba katika vitabu vyetu mna bendera nyekundu tatu. Sisi tumepekua ofisi nzima. Bendera tuliyo nayo ni moja tu, ya ushirika, nayo ina rangi saba za upinde wa mvua."

Wajumbe walicheka sana. Mimi nilicheka kidogo tu, maana kosa lilikuwa langu. Aliyeandika onyo lisiloeleweka hajaonya mtu. Kwa hiyo leo nataka kulipa deni lile: nieleze maneno haya yametoka wapi, yana maana gani, na sisi wanaushirika tuyatumie vipi ili yatusaidie badala ya kutuchanganya.

Ndugu Mwenyekiti, maneno haya ni ya Waingereza. Wao husema jambo fulani "limeinua bendera nyekundu", wakiwa na maana kwamba limeonyesha dalili ya hatari. Usemi huu haukuanza kama fumbo. Ulitokana na kitambaa halisi chenye kushikwa mkononi. Zamani manowari zilipandisha bendera nyekundu kuonyesha kwamba zimejiandaa kupigana. Kisha ikaja reli, na bendera nyekundu ikawa amri kwa dereva wa garimoshi: simama, njia iliyo mbele yako si salama. Mpaka leo bendera ya rangi hiyo huonekana katika fukwe zenye mawimbi makali, katika viwanja vya kulengea shabaha, na mahali miamba inapopasuliwa kwa baruti. Kwetu pia lori lililobeba mbao ndefu hufungwa kitambaa chekundu kwenye ncha zilizotokeza nyuma.

Yafaa tuitenge bendera hii na ndugu zake wa rangi moja. Iko bendera nyekundu ya wafanyakazi na wanamapinduzi, ambayo ni alama ya mshikamano. Tena Waingereza wana usemi mwingine juu ya kitambaa chekundu anachoonyeshwa fahali, wenye maana ya jambo la kumchokoza mtu. Hayo mawili simo kuyazungumza leo. Mazungumzo yangu ni juu ya bendera ya njiani, ile inayomwambia msafiri asimame atazame.

Ili tuifahamu vizuri, nitawasimulia mkasa wa tarehe 9 Juni mwaka 1865, karibu na Staplehurst huko Uingereza. Mafundi wa reli walikuwa wakitengeneza daraja dogo, nao walikuwa wameng'oa vipande vya reli. Msimamizi wao aliisoma vibaya ratiba, akadhani garimoshi lingepita saa za baadaye. Hata hivyo, alikuwapo mtu aliyewekwa na bendera nyekundu ili asimamishe garimoshi lolote. Kanuni ilimtaka asimame yadi 1,000 kutoka mahali pa kazi, yaani mita zipatazo 900. Yeye alipima mwendo wake kwa kuhesabu nguzo za telegrafu, na nguzo za sehemu ile zilikuwa zimekaribiana kuliko kawaida. Akajikuta amesimama yadi 554 tu, kama mita 500. Garimoshi likaja. Dereva aliiona bendera, akapiga honi breki zifungwe, lakini nafasi ya kusimama haikutosha. Watu 10 walikufa na wapatao 40 wakajeruhiwa. Miongoni mwa abiria walionusurika alikuwamo mwandishi mashuhuri Charles Dickens, ambaye alishuka akawahudumia majeruhi.

Ndugu zangu, tuutafakari mkasa huo. Bendera ilikuwapo. Mshikaji wake alikuwapo, wala hakusinzia. Dereva aliiona na kuitii. Kilichokosekana ni umbali. Onyo lilitolewa wakati ambapo kulitii hakukuweza tena kumwokoa mtu. Hili ndilo fundisho la kwanza: dalili ya hatari ina thamani ikiwa imeonekana mapema. Taarifa ya ukaguzi inayosomwa miaka miwili baada ya fedha kutoweka ni bendera iliyosimamishwa hatua chache kutoka darajani. Waanzilishi wa ushirika wa Rochdale, walioanza na duka lao dogo mwaka 1844, walilijua jambo hili. Ndiyo maana miongoni mwa desturi walizojiwekea ilikuwamo ile ya kuwasomea wanachama taarifa za hesabu na mizania mara kwa mara, bila kungoja mambo yaharibike.

Mwaka uleule wa 1865 Bunge la Uingereza lilitunga sheria juu ya magari ya mvuke yaliyopita barabarani. Ilitakiwa mtu mmoja atangulie kwa miguu, yadi zisizopungua 60 mbele ya gari, akiwa na bendera nyekundu. Na gari lisizidi mwendo wa maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mijini. Fikirini gari linalofuata hatua za mtu atembeaye! Sharti la bendera liliondolewa mwaka 1878, na mwaka 1896 magari mepesi yakaachiwa yaende. Fundisho la pili ni hili: bendera ikipeperushwa kila siku mbele ya kila chombo, hata pasipo hatari, safari haiendi, na mwishowe watu huizoea wasiitazame tena. Mkaguzi anayepaka wino mwekundu kila ukurasa, kwa kosa la senti kumi sawasawa na kosa la milioni kumi, hamsaidii mwanachama.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe katika lugha yetu. Kiswahili hakikungoja Waingereza kukifundisha kuonya. Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mdharau mwiba mguu huota tende. Nanyi mnaosafiri mnajua kwamba ukiona matawi mabichi yamelazwa barabarani, moja baada ya jingine, huhitaji kuulizwa ujuzi wa lugha yoyote: mbele kuna gari limekwama, punguza mwendo.

Ama bendera, katika methali zetu ina sifa nyingine kabisa. Bendera hufuata upepo. Mtu tunayemwita bendera ni yule asiye na msimamo, huyu leo, yule kesho. Basi anayetafsiri usemi wa Kiingereza neno kwa neno humwachia msikilizaji wetu picha isiyokusudiwa. Ushauri wangu ni kwamba katika taarifa na mikutano yetu tuseme "dalili ya hatari", au "jambo la kutilia shaka", na kama tukiona lazima kusema "bendera nyekundu", basi tuieleze papo hapo. Lakini methali yetu inatupa akili pia. Anayeishika bendera ya hatari asiwe yeye mwenyewe bendera. Akiwa mtu wa kufuata upepo, atainua kitambaa dhidi ya mnyonge na kukikunja mbele ya mkubwa.

Ndugu Mwenyekiti, kuna walioonywa mapema, kwa maneno yaliyo wazi, na bado wakapita. Mfano mkubwa ni benki ya Barings ya London, iliyoanzishwa mwaka 1762. Katika ofisi yake ya Singapore, mfanyakazi aitwaye Nick Leeson alikuwa akifanya biashara kwa niaba ya benki, na papo hapo akiongoza kazi ya kuziandika na kuzimaliza hesabu za biashara hiyohiyo. Mwaka 1994 wakaguzi wa ndani walikwenda, wakaliona, wakaandika kwamba kazi hizo mbili ziko mikononi mwa mtu mmoja na yafaa zitenganishwe. Hazikutenganishwa. Mtu yule alionekana kuleta faida kubwa, na nani amsumbue mleta faida? Kumbe hasara alikuwa akizificha katika hesabu moja yenye nambari 88888. Mwezi Februari mwaka 1995 benki ilianguka kwa hasara iliyozidi pauni milioni 800. Benki iliyodumu miaka 233 iliuzwa kwa pauni 1.

Kama benki ya namna ile iliweza kuangushwa na mtu mmoja aliyeshika kazi mbili, je, chama chetu cha msingi ambacho karani mmoja hukata stakabadhi, hupokea fedha, hupeleka benki na kuandika leja kitaepukaje? Sisemi karani huyo ni mwizi. Nasema chama kimemweka mahali ambapo, akiteleza, hakuna wa kumwona.

Na hapa ndipo ninapotaka kukiri jambo. Miaka mingi imepita, nalo bado linanisumbua.

Kilikuwako chama kimoja, jina lake silitaji. Msimu mmoja kilinunua mahindi mapema, mvua zikiwa hazijakatika. Yalinunuliwa magunia 400 ya kilo 100, yaani kilo 40,000, yakahifadhiwa, yakaanikwa, kisha yakapelekwa kwa mnunuzi. Yalipopimwa huko yakapungua kilo zaidi ya 2,000, kiasi cha magunia 21. Habari ilifika kijijini kabla ya lori kurudi. Karani wa mizani alisimamishwa siku ileile. Hakuulizwa swali hata moja. Katika mkutano wa wanachama aliitwa mwizi mbele ya mkewe, na shuleni watoto wake wakaitwa watoto wa mwizi.

Nilipopelekwa kuchunguza niliomba hati za unyevu. Mahindi yalinunuliwa yakiwa na unyevu wa asilimia 18. Yalipokelewa na mnunuzi yakiwa na asilimia 13.5, kiwango kinachofaa kuhifadhiwa. Fanyeni hesabu pamoja nami. Katika kilo 40,000 zenye unyevu wa asilimia 18, mahindi makavu kabisa ni kilo 32,800. Kilo hizo 32,800 zikibaki na unyevu wa asilimia 13.5, uzito wote huwa kilo 37,919. Upungufu ni kilo 2,081. Mahindi hayakuibwa na mtu, yalikauka. Mwizi alikuwa jua.

Upungufu ule ulikuwa dalili ya kweli, na chama kilikuwa na haki ya kushtuka. Lakini bendera husema "simama utazame". Haisemi "mkamate aliye karibu". Wao walitoa hukumu kabla ya kutazama.

Mkasa haukuishia hapo. Wakati macho yote yalipokuwa kwa karani wa mizani, katika kabati la ofisi hiyohiyo vitabu viwili vya stakabadhi havikuonekana, wala nambari zake hazikuandikwa popote. Fedha za viingilio na hisa zilizopokelewa kwa vitabu hivyo hazikufika benki. Hakuna aliyeuliza. Na mimi, Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa nimekwisha kufika katika chama kile mwaka uliotangulia, nikaona kwamba vitabu vya stakabadhi havina daftari la kuvisajili. Niliandika nini? Niliandika: "Udhibiti wa stakabadhi uimarishwe." Maneno manne. Hayakusema ni vitabu vipi, viko wapi, anayevishika ni nani, na ni nani wa kumwuliza na lini. Bodi iliyasoma, ikaafiki, ikaendelea na ajenda nyingine. Fedha zile hazikurudi. Barua ya kumsafisha karani ilisomwa katika mkutano mkuu, lakini mwenyewe hakuwapo kuisikia. Alikuwa amekwisha kuhama na jamaa yake.

Tangu siku ile nimejiwekea kanuni. Nikiona dalili ya hatari, naandika mambo matatu: nimeona nini, nimekiona wapi, na swali gani lijibiwe na nani kabla ya tarehe gani. Nawaomba nanyi mkisoma taarifa ya mkaguzi yeyote isiyo na mambo hayo matatu, mrudishieni, mmwambie aieleze.

Sasa, Ndugu Makatibu na Wahazini, ni dalili zipi za kuangaliwa katika vyama vyetu? Nitataja zile ambazo mwanachama yeyote aweza kuziona, hata asiyesomea uhasibu.

Kwanza, mtu mmoja kushika kazi zisizopaswa kuwa za mtu mmoja, kama nilivyokwisha kueleza. Mahali penye watumishi wachache, mjumbe wa bodi aweza kupewa kazi ya kulinganisha stakabadhi na hati za benki kila juma.

Pili, nambari za stakabadhi kurukwa, au stakabadhi kuharibiwa bila nakala zake zote kubaki kitabuni. Kosa la kalamu lipo. Lakini stakabadhi iliyoharibika yapaswa kuonekana.

Tatu, fedha kukaa ofisini siku nyingi kabla ya kupelekwa benki. Huenda njia ni mbaya au benki ni mbali. Huenda pia fedha za leo zinaziba pengo la jana.

Nne, salio la daftari la fedha na salio la benki kutolinganishwa mwezi hata mwezi. Anayesema "nitalinganisha mwisho wa mwaka" mpeni msaada, lakini msimpe mwaka.

Tano, mtumishi asiyetaka kwenda likizo kamwe, wala kumwachia mwenzake funguo hata akiugua. Tunamsifu kwa bidii, na pengine anastahili. Hata hivyo likizo ni haki yake, na ni kinga ya chama. Mwenzake akikaa kitini majuma mawili, mengi hujulikana.

Sita, mtu kuishi maisha yasiyolingana na kipato chake. Association of Certified Fraud Examiners, chama cha wachunguzi wa udanganyifu chenye makao yake Marekani, kimekuwa kikiitaja hii katika taarifa zake kuwa ndiyo dalili inayoonekana zaidi kwa watu waliobainika kuiba kazini. Lakini kuweni waangalifu. Mtu aweza kujenga nyumba kwa mauzo ya ng'ombe au msaada wa mwanawe aliyeko mjini. Dalili hii hutupeleka kwenye vitabu. Haitupeleki kwenye uvumi wa kilabuni.

Saba, mkutano mkuu kuahirishwa tena na tena, au taarifa ya ukaguzi kusomwa nusu. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Chama kile cha wachunguzi hutueleza jambo jingine la faida: zaidi ya visa vinne katika kila kumi hugunduliwa kwa sababu mtu fulani alisema, na wengi wa wanaosema ni watumishi wenyewe. Maana yake ni kwamba bendera yetu iliyo bora haiko mkononi mwa mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka. Iko kwa mlinzi wa ghala, kwa karani kijana, kwa mama aliyeleta mazao akaona uzito ulioandikwa si ule aliousoma kwenye mizani. Swali ni hili: wakisema, wanasikilizwa? Au wanaitwa wachochezi? Chama kinachomwadhibu aliyeinua bendera kimeng'oa reli na kumfukuza mlinzi wake kwa mkono mmoja.

Basi, tunapoona dalili, tufanye hivi. Tusimamishe jambo lenyewe: kitabu kifungwe, mzigo usiondoke, malipo yangoje. Tutazame kwa macho yetu na tuhesabu. Tumwulize mhusika, faraghani na kwa heshima, tuandike jibu lake. Kukiwa na maelezo ya kweli, tuyakubali na kumshukuru. Yasipokuwapo, tuupeleke ushahidi panapostahili, awe mhusika ni karani au mwenyekiti. Kusimama, kutazama, kuuliza, ndipo kuamua. Mpango huo ukigeuzwa, ama tutaibiwa, ama tutamdhulumu mtu. Na chama kile nilichowasimulia kilipata yote mawili katika msimu mmoja.

Ndugu Mwenyekiti, mali ya ushirika ni jasho la watu wengi wenye kidogo kidogo. Mkulima aliyeleta magunia matatu hana mkaguzi wake, hana mwanasheria wake. Anacho chama chake na ninyi mliokaa hapa. Yeye ni abiria aliyelala katika behewa, akiamini kwamba mbele yuko mtu aliyesimama mahali panapofaa, akiwa macho, mwenye kitambaa mkononi. Mkirudi nyumbani, nawaomba kila mmoja wenu afungue kabati la stakabadhi za chama chake, ahesabu vitabu, aandike nambari zake. Kazi hiyo haimalizi saa moja. Mimi niliiacha ifanywe na wengine, na sikupata nafasi ya pili.